Mbwa wa Kufaa Mji Wetu

Mwanza, 4 Februari 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi nimeamka salama, sijui nyonga yako na kikohozi cha Kabula. Msalimie mwanangu sana.

Habari za mbuzi watatu kuibwa mchana kweupe zimeninyima raha. Mbuzi ni mbuzi tu. Ninachoogopa ni Kabula kubaki peke yake nyumbani ukiwa mnadani. Ikitokea tena itabidi nimlete huku, japo nina chumba kimoja na nashinda kazini.

Ila kuna jambo. Tangu biashara iwe huria, makampuni ya ulinzi yameota kama uyoga, na mengine yananyauka vilevile. Hili ninalolipikia mbwa linafungwa, mwenyewe anarudi kwao, na amesema mfanyakazi anayetaka mbwa achukue. Waliobaki ni wawili, madume ya miaka miwili. Wa kwanza ni Mjerumani, wale wanaotumiwa na polisi, masikio wima, manyoya mengi. Ukimwonyesha jambo mara mbili, ya tatu anafanya mwenyewe, lakini asipopewa kazi anatafuna mlango. Wa pili ni mwekundu, manyoya mafupi, na mgongoni ana mstari wa manyoya yaliyolala kinyume. Wanasema babu zake waliwinda simba. Jua halimsumbui na ni mpole kwa watoto, ila akiona kitu kinakimbia hasikii la mtu. Wote wawili wanataka kukimbizwa kila siku.

Chagua wewe, baba.

Mwanao,
Jenifer


Bariadi, 13 Februari 1996

Mwanangu Jenifer,

Mwangaluka. Nyonga ni ileile. Kikohozi kimeondoka kwa asali.

Nimelipima jambo lako kama nilivyokuwa nikipima pamba kiwandani, bila haraka. Mji huu una mzee anayechechemea, mtoto wa miaka saba, mbuzi kumi na mmoja na kuku wasio na adabu. Huyo mwekundu, wiki ya kwanza atamaliza kuku, ya pili atamfuata swala hadi Serengeti, na wa kumrudisha ni nani? Mimi? Mjerumani atateswa na joto, lakini kivuli kipo. Anataka kazi, na kazi ipo: kuswaga mbuzi asubuhi, kisha kumsindikiza Kabula shule. Mtoto yule hajui kutembea, anajua mbio tu, basi wakimbie wote wawili. Babu yako alisema Wajerumani hawana huruma, lakini aliwajua wa miguu miwili tu.

Mlete Mjerumani. Na Kabula haendi popote. Bila yeye nisingewasha hata moto wa jioni.

Baba yako,
Ndaki


Mwanza, 22 Februari 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo, natumaini mko wazima. Mbwa atapanda basi la tarehe 2 Machi, kondakta atamshusha stendi ya Bariadi. Mwombe jirani Shigela akusaidie kumpokea, maana anavuta kamba kwa nguvu.

Anakula ugali na dagaa. Usimfunge kutwa. Usimpige, mkaripie tu. Siku mbili za kwanza Kabula amlishe yeye mwenyewe, ili amjue. Nadhani hayo ndiyo yote.

Mwanao,
Jenifer


Bariadi, 9 Juni 1996

Mwanangu Jenifer,

Mwangaluka. Sisi wazima kwa miili. Barua zako mbili nilizipata, nikachelewa kuzijibu.

Kwa miezi mitatu Mjerumani alitufaa. Mbuzi aliwaswaga bila kufundishwa, naye alimngoja Kabula nje ya darasa kama mzazi.

Jumanne asubuhi wezi walichukua ng'ombe wanne wa Shigela malishoni. Ukapigwa mwano, lile yowe la kuita watu, sungusungu wakapuliza filimbi, wanaume wote wakatoka mbio na pinde zao, kama desturi. Shule zimefungwa, kwa hiyo mbwa alikuwa nyumbani, amelala kivulini. Aliposikia filimbi aliruka ua, akawapita wote, akamkamata aliyekuwa mbele kabisa. Aliyekuwa mbele ni Shigela, anafuata ng'ombe wake. Alimwangusha, akamng'ata mkono, hakumwachia mpaka nilipofika mimi, na mwendo wangu unaujua. Mkono umeshonwa nyuzi kumi na moja. Ng'ombe hawakupatikana.

Sungusungu wamekaa kikao. Ama nimuue mbwa kwa mkono wangu, ama tutengwe: hakuna wa kutusalimia, hakuna maji ya kisimani, hakuna wa kutugawia moto. Nimeomba siku kadhaa nikuulize wewe. Huko alifundishwa nini kuhusu filimbi?

Baba yako,
Ndaki


Mwanza, 14 Juni 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe Shigela pole yangu. Kosa ni langu.

Huku mlinzi akipuliza filimbi, mbwa anafunguliwa amkamate anayekimbia. Mjini filimbi ikilia, anayekimbia ni mwizi, wengine wanasimama kutazama. Niliisikia kila siku mpaka nikaacha kuisikia. Sikukumbuka kwamba kwetu filimbi ikilia, anayekaa ndiye anayetiliwa shaka.

Nimewauliza walinzi wa zamani kama anaweza kusahaulishwa. Walicheka.

Baba, huwezi kuishi bila watu. Fanya walivyosema. Ila Kabula asiwepo, nakuomba.

Mwanao,
Jenifer


Bariadi, 30 Juni 1996

Mwanangu Jenifer,

Mwangaluka. Nilifanya Jumamosi ya tarehe 22.

Kabula nilimtuma dukani kununua chumvi. Wanaume walisimama nje ya ua. Nilidhani mbwa atapambana, na nadhani hata wao walitaka apambane. Nilimwambia akae, akakaa, akanitazama usoni. Mshale mmoja ulitosha. Iliniuma, Jenifer, sikujua kwamba itaniuma hivi. Nilipogeuka, Kabula alikuwa amesimama penye lango na chumvi yake. Alirudi mapema.

Kesho yake Shigela alikuja, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, ameleta maziwa. Tulisalimiana vizuri. Naye amepoteza, ng'ombe wanne si mchezo. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinatusalimia, na Kabula anamwitikia kila mtu.

Mimi haniitikii. Maji ya kuoga ananitengea, chakula ananipakulia, ila hasemi. Siku saba, na mimi sikumlazimisha.

Jana jioni ndipo aliponisemesha. Aliuliza kama kwenye chumba chako kuna nafasi ya mtu mdogo. Nilimwahidi nitakuuliza.

Basi nakuuliza.

Baba yako,
Ndaki