Mama na Jua la Dirishani

Jumanne, 3 Machi
Tiketi imepatikana! Casablanca hadi Montreal, moja kwa moja. Kilomita elfu tano na mia sita na ushee, saa nane angani. Mama hajawahi kupanda hata ndege ya Marrakech. Nimemchukulia kiti cha dirishani aone bahari. Mke wa kaka yangu Hisham anajifungua wiki ijayo, na Mama hataki mjukuu apokewe na wageni. Nina furaha. Nina hofu pia — ile sukari yake. Ikishuka hatoi hata dalili, anaanguka tu.

Jumatano, 4 Machi
Kutwa tunakaanga lozi za sellou, ule unga mtamu wa ufuta na asali. Mzazi asipokula sellou, kwa Mama huyo hajazaa. Nimemwambia kesho asifunge, hata kama ni Ramadhani: msafiri ana ruhusa, mgonjwa ana ruhusa, na yeye ni vyote viwili. Akacheka. "Bushra mwanangu, umekuwa imamu tangu lini?" Imamu mwenyewe alipita jioni, akamwambia yaleyale. Mama akajibu kwa adabu kwamba amesikia. Kusikia si kutii — namjua!
Aliniuliza tu Magharibi itamkuta wapi. Nikahesabu: ndege inaruka saa tisa na nusu, jua linazama kumi na mbili na nusu. Saa tatu tu, Mama. Akasema saa tatu si kitu, ila hatatia kitu mdomoni mpaka alione jua linazama kwa macho yake.

Alhamisi, 5 Machi
Ameondoka. Kopo la sellou kalipakata, tende mkobani. Nimelia hadi nyumbani.

Alasiri. Nimempigia Hisham kumwambia ndege imeruka. Akauliza kama amekula. Amefunga, nikasema, atafuturu baada ya saa tatu. Akang'aka: "Dada, una wazimu? Anakuja magharibi! Ndege inalifukuza jua. Litazama akishakaribia huku — saa saba hizo!"
Saa saba! Na alfajiri kajidunga insulini.
Simu yake imezimwa, bila shaka. Shirika la ndege linanipigia muziki tu. Ee Mola.

Lalla Batul wa jirani kaleta supu ya harira ya kufuturia. Tulia, anasema, mama yako atafuata saa ya Casablanca kama watu wote. Watu wote, labda. Si Mama. Na dirisha nimempa mimi! Angekaa katikati, abiria wangemdanganya kwamba kiza kimeingia.

Adhana. Batul keshafuturu, ananihimiza. Kwenye ramani ya safari simuni, kindege cha Mama kiko katikati ya bahari, na huko bado ni mchana mweupe. Siwezi. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika tende. Batul kaniangalia wee, mwisho kauliza: "Kwani na wewe umepanda ndege?"