Mwendo wa Mama Sifa

Jumatatu, 3 Juni
Mazoezi ya korale, kwaya yetu, kama kila Jumatatu. Nimepiga ngoma mpaka viganja vinawaka. Alhamisi Papa Bahati, fundi wa kurekodi, anapanda huku kijijini Kirolirwe na ordinateri, kompyuta yake. Hatimaye! Jumamosi Mama Sifa, mwimbishaji wetu, anahamia Ntoto kwa binti yake. Tusiporekodi sauti yake sasa, basi tena.

Jumanne, 4 Juni
Papa Bahati anataka namba: wimbo tutakaorekodi una mapigo mangapi kwa dakika, aandae mdundo mapema. Kuna programu ya telefone. Unagonga kidole kwenye kioo ukifuata wimbo, namba inatoka. Nimegonga nikifuata makofi yetu. 168! Nimemtumia. Najiona injinia.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu. Mdundo ulipoanza tulicheka hadi tukakaa chini. Mama Sifa hakucheka. Alijaribu mstari mmoja, akaishiwa pumzi. "Neema, hii ngoma iko nakimbia nani?"

Kosa langu. Sisi tunapiga makofi mawili kwa kila hatua, na wimbo unatembea na mguu. Papa Bahati akagawa kwa mbili. 84. Afadhali. Lakini ubeti wa tatu mwimbishaji hutaja wanakorale waliofariki, jina kwa jina. Wawili ni watoto wa Mama Sifa. Hapo huchelewa, sikuzote. Mashine haikumngoja. Tumeharibu mara tatu.

Nilikasirika. Nikamwambia Papa Bahati azime mdundo wake. "Mi njo nitapiga ngoma. Nitaangalia muguu ya Mama."

"Bateri iko na wimbo moja tu, dada."

Nimepiga macho yakiwa kwenye kandambili za Mama Sifa, basi. Tulipomaliza tu, ordinateri ikazimika. Imeshika wimbo? Hatujui mpaka aichaji kwake. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 7 Juni
Imeshika! Yote! Papa Bahati ameituma kwa telefone. Nimekimbia nayo hadi shambani kwa Mama Sifa, alikuwa akiwagawia majirani mbegu za maharage. Akasikiliza, jembe mkononi. "Ni mimi huyu?" Tumerukaruka, mbegu tumezikanyaga, hakuna aliyejali.

Jumapili, 9 Juni
Mama Sifa ameondoka jana kwa pikipiki. Ibada imekwenda sawa bila yeye, na hilo limeniuma. Mchana nimefungua wimbo, nikagonga tena kwenye kioo. 84. 85. 84. Akaanza kutaja majina, akachelewa, na kidole changu kikamngoja.