Saa Arobaini na Nane za Muzee Ngabu

Jumanne, 7 Julai
Nimejaza maji ndoo ya kunawia mlangoni, nimefungua rejista. Asubuhi vyeti viwili vya makazi, basi. Saa kumi alasiri polisi wakamleta Muzee Ngabu, aliyekimbia vita upande wa Nizi. Mke wake alikufa jana kwa sukari, na waliokuja matanga walizidi ishirini, idadi inayoruhusiwa wakati huu wa corona. Angewafukuza? Kwetu, asiyefika matanga ndiye anayeulizwa. Nimeandika jina, siku na saa. Wamemtia kasho, kile chumba cha mahabusu nyuma ya ofisi. Mimi ni mwandishi wa kartye, ofisi ya mtaa. Kazi yangu kuandika.

Jumatano, 8 Julai
Binti yake ameleta bugali. Muzee hajala. Aliniita dirishani: «Mama, kesho kutwa, vendredi, tunamuzika bibi yangu. Munifungulie tu ile siku. Nitarudia miye mwenyewe.»

Chef wa kartye anasema atakaa siku kumi na tano, iwe fundisho. Nimesoma tena amri ya corona iliyobandikwa mlangoni. Faini imo. Kasho haimo. Na sheria ya nchi iko wazi: saa arobaini na nane, halafu mbele ya hakimu au nyumbani. Corona haikuifuta. Nilimwambia Chef. Akanitazama kama aliyeona kuku anasoma gazeti.

Alhamisi, 9 Julai
Saa nane Chef alifunga mlango. «Toa ile page, uandike ingine. Weka aliingia leo, jeudi asubui. Nani atajua?» Nikasema nitaiandika nyumbani. Nikatia rejista kwenye mfuko wangu.

Saa kumi ikafika. Ikapita. Muzee bado ndani.

Saa kumi na nusu akaingia Maître Kavira, wakili aliyetafutwa na binti. Akaomba rejista. Chef akasema imepelekwa mairie, kwa meya. Maître akanigeukia mimi. Nikasema ndiyo, iko mairie. Mfuko ulikuwa miguuni pangu.

Watoto wanne, mume hana kazi. Niliogopa. Ni hayo tu.

Ijumaa, 10 Julai
Sikulala vizuri. Saa moja asubuhi nilikuwa kwa Maître, rejista mkononi, ukurasa haujaguswa. Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Tukaenda parquet, ofisi ya mashtaka. Hakimu hajafika. Benchi. Saa tatu. Saa nne. Alipofika alisoma mstari mmoja tu, akapiga simu. Muzee alitoka saa sita.

Mke wake alizikwa saa nne.

Chef ameninyang'anya ufunguo wa ofisi. Nisirudi mpaka aniite, amesema. Hataniita.

Jumapili, 12 Julai
Mvua kidogo asubuhi. Mchana Muzee Ngabu alikuja hapa nyumbani Ngezi na binti yake, na chane ya ndizi. Alisema amesikia nilivyofanya. Bila mimi angekuwa bado ndani. Akanishika mikono yote miwili.

Kumbe Maître hakumwambia habari ya Alhamisi. Ningeufungua ule mfuko, angemzika mke wake kwa mikono yake. Nikasema, «Karibu, baba, ukae.»

Akakaa muda mrefu. Akasimulia jinsi marehemu alivyopenda kucheka watu. Nilicheka pale alipocheka.

Jioni nimepika zile ndizi. Watoto wamekula, wamemaliza.