Suti ya Mgombea

Jumanne, Makindye

"Bambi, tafadhali dada, ile suti ya kijivu utuachie." Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia mwongozaji leo, baada ya kunitoa kwenye tamthilia.

Mgombea niliyekuwa namwigiza, mwanamke pekee anayeshindana na rais, atakufa kwa ajali ya gari. Hata ajali yenyewe haitaonyeshwa. Itatajwa tu kwenye taarifa ya habari. Na ile hotuba ya uwanjani niliyoikariri wiki mbili, hadi mama naye akaishika kwa kunisikia jikoni...

Suti niliishonesha mwenyewe kwa fundi wa kule Wandegeya. Wanataka mke wa rais aivae kwenye mazishi yangu.

Nimeiacha. Ningekataa, wasingeniita tena. Nimemfunga yule mwigizaji wa mke wa rais vifungo kwa mikono yangu, na imemkaa kuliko ilivyonikaa mimi.