Nilisema Tseikuru Mpaka Mbooni ni Dakika Ishirini

Mpendwa mshauri Kasyoka, naomba msaada kabla sijaaibika mbele ya ukoo wote. Mimi ni mfuga mbuzi huku Tseikuru, miaka hamsini na moja, bibi wa kwanza alifariki, mwaka jana nikapata Mutindi wa Mbooni, na siku tumepeleka mbuzi za ntheo, zile za kufunga uchumba, mama yake akasema kutoka ndani ya nyumba, "Tseikuru! Huko nikiugua mtoto wangu atafika nikishazikwa," nikaona bibi anaponyoka, nikatoa simu nikaiuliza huo umbali, ikaandika kilomita mia moja sabini, kwa ndege dakika ishirini, nami nikasoma kwa sauti, "Ni dakika ishirini tu," hilo neno ndege nikalimeza.

Shemeji yangu Muindi, kaka ya Mutindi, akauliza, "Dakika ishirini na nini, shemeji?" Nikasema na ndege. Nilidhani watacheka. Wakapiga makofi! Mama akasema amina, mbuzi zikapokelewa.

Sasa Mutindi amejifungua msichana, ako na miezi mitatu, tumemwita Wavinya, jina la huyo mama mkwe, na mama anangoja ndege aje kumwona mjukuu. Muindi alitaka kumleta na gari akakataa, "Niteswe na barabara na mkwe wangu ako na ndege?" Ameshaaga kanisa lote. Hana simu, Mutindi pia hana, ni Muindi hunipigia, namwambia ndege iko gereji, wiki ingine nikasema kuna upepo. Mutindi siku ya ntheo alikuwa jikoni, hajui kitu, anaona tu mama yake amekataa kuja, jana nimemkuta analia akikunja nguo za mtoto. Na unajua mambo ya nthoni, mtu hawezi kusimama mbele ya mama mkwe aanze kujieleza, hata njiani tunapishana kwa mbali. Nifanye nini?

Nthiwa, Tseikuru

Baba Wavinya, pole, halafu shindwa kabisa! Ndege iko gereji gani huko, kwa fundi wa pikipiki? Nimecheka mpaka chai ikamwagika, lakini kufika hapo kwa nguo za mtoto nikaweka kikombe chini. Simu haikudanganya. Uliulizwa barabara, ukajibu mambo ya mwewe. Kuogopa kunyimwa bibi naelewa, kuna wanaume wamesema makubwa zaidi siku ya ntheo. Lakini kuacha mwanamke aliyejifungua akidhani mama yake amemtupa, hiyo ni ubaya, na usiifunike na nthoni. Nthoni inakukataza kumsogelea mama mkwe, haikukatazi kumwambia bibi yako ukweli.

Sasa sikiza. Leo mwambie Mutindi yote, hata ile ya upepo, na akikutukana nyamaza. Halafu mpigie Muindi akusemee kwa mama. Shemeji ni wa nini? Kesho kutwa nenda Mbooni na mbuzi dume ya kuomba msamaha, Muindi aipeleke, wewe ungoje nje hata kama ni mpaka jioni. Ukisikia wanacheka huko ndani, umesamehewa.

Tafuta gari nzuri, mama akae mbele na dereva, wewe nyuma kabisa, mlale Mwingi njiani, mama apumzishe mgongo. Akiuliza imebaki mbali gani, dereva ajibu. Wewe usitaje dakika hata moja. Na mkifika kwako, shuka wa kwanza, uende zako kwa mbuzi, uwaache Wavinya wawili waonane.