Naenda Bukavu, Kasirikeni

Uvira, Jumatatu, tarehe 30 Juni. Kiangazi. Upepo wa ziwa tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya chai.

Leo ni siku ya uhuru wa nchi yetu na hakuna defile. Wanafunzi hawakupiga mguu mbele ya watu wakubwa, tarumbeta za fanfare hazikulia. Barabarani zilipita gari za askari tu, zikielekea bondeni.

Ninaandika nikiwa na hasira. Nilitaka kungoja ipoe, lakini ikipoa nitaandika uongo wenye adabu. Majina nimebadilisha. Na sitabandika maneno haya mtandaoni leo. Nitayabandika siku nitakapofika, kwa hiyo wewe unayeyasoma, jua nimefika.

Barua zilikuja kwenye simu, zote katika juma moja. Miaka miwili tangu nipate diplome ya sekondari nilikuwa nakaa nyumbani kwa sababu ya vita, halafu fakilte mbili za udaktari zikanikubali kwa pamoja. Moja iko Bujumbura, nyingine Bukavu.

Bujumbura iko pale, ng'ambo ya ziwa. Anga ikitakata naona mabati ya nyumba zake yanang'aa. Ni nchi ya watu, lakini hakuna risasi, na baba mudogo, mdogo wake baba, anaishi kule. Bukavu ni Kongo, ni kwetu. Ila waasi wameushika mji, na ili ufike unapita bonde lote la Ruzizi, Sange, Bwegera, mpaka mahali ambapo askari wa upande huu wanaisha na wale wa upande mwingine wanaanza.

Mtu mwenye akili hahitaji kulifikiria swali hilo usiku kucha. Nami sikulifikiria. Majuma mawili niliwaambia wote: Bujumbura.

Nilikuwa ninaogopa. Acha nikiri hapa, kwa kuwa nyumbani sikukiri.

Kilichonigeuza ni kumbukumbu ya Heri. Alikuwa rafiki wa yaya, kaka yangu mkubwa. Walisoma pamoja, na waasi walipokaribia wakachukua silaha pamoja na vijana wengine wa mtaa wetu wa Songo. Siku moja mwezi wa nne nilikuwa Sange na Mama, ambaye hununua mchele kule na kwenda kuuuza. Yaya na kijana mwingine wakamleta Heri kwenye pikipiki, amepigwa risasi ya paja karibu na Bwegera. Kwenye kituo cha afya alikuwako muuguzi mmoja peke yake. Daktari alikuwa amevuka mpaka pamoja na familia yake, na simsemi vibaya. Muuguzi akaita yeyote mwenye mikono. Nikaenda.

Nilikandamiza kitambaa kwa viganja vyote viwili. Yaya alishika kichwa. Muuguzi alipiga simu, akapiga tena. Heri aliniomba maji, akamwomba yaya asimwambie mama yake. Halafu hakuomba kitu tena.

Yaya alitoka pale na bunduki ya Heri. Mimi nilitoka pale na swali: mshipa ule ungefungwaje?

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kikao cha familia juu ya safari yangu. Baba mudogo alivuka mpaka asubuhi, akaja na mikate na furaha. Alisema chumba changu amekipaka rangi. Niliona haya, kwa sababu rangi ile aliipaka kwa ajili ya neno langu.

Nikasimama. "Baba mudogo, aksanti kwa chumba. Unisamehe. Minye naenda Bukavu."

Baba mudogo akacheka, akidhani ni mzaha. Baba akatazama kikombe chake. Yaya, aliyekuwa ameomba ruhusa ya siku moja kutoka bondeni, akasimama naye.

"Weye uko unaenda kusoma kwa batu walimuua Heri?"

"Niko naenda kusoma kwa walimu. Walimu hawakumuua Heri. Bukavu haikumuua Heri."

"Bukavu iko yao sasa."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Sijawahi kumpazia yaya sauti maishani mwangu, lakini leo nilimpazia mbele ya baba wawili.

"Nani aliwapa? Weye? Kila siku uko tayari kufa mu bonde ukisema Bukavu iko yetu, halafu minye nikitaka kuingia, unasema iko yao! Chagua moja!"

Alichukua kofia yake akatoka.

Baba mudogo alijaribu kwa upole. Alisema shule ni shule, mwili ni mwili, na daktari ni daktari popote aliposomea. Yote ni kweli. Lakini nilimjibu kwamba profesa aliyetia sahihi barua yangu hakukimbia. Yuko palepale anafundisha, bendera yoyote ipepee. Kama kila aliyekubaliwa kule atakaa mbali, basi waasi hawahitaji hata kufunga fakilte. Tutakuwa tumewafungia sisi.

Baba aliniuliza neno moja tu: "Unajua unachofanya?"

Nikasema ndiyo. Nusu ilikuwa kweli.

Baada ya hapo nilijificha jikoni, nikajiuliza swali baya. Je, ninaenda Bukavu kwa sababu ya Heri, au kwa sababu wamenikataza? Ninajijua. Tangu utoto, ukiniambia usipande, niko juu ya paa.

Mama alinikuta nachambua mchele ambao yeye alikwisha kuuchambua. Mama ndiye mtu pekee nyumbani ambaye amevuka mstari ule kati ya majeshi mawili, mara nyingi, na magunia yake, siku ambazo bariere, vizuizi vya askari, zimefunguliwa. Akakaa.

"Wale wa huku bananunua mchele wangu, na wale wa kule bananunua," alisema. "Bote banakula, bote banashiba. Minye napita kwa sababu najua ninakwenda kufanya nini. Weye, ukienda kwa kumukasirikia yaya yako, hasira itaisha ukifika Luvungi, na njia itakuwa ingali ndefu."

"Na isipokuwa hasira?"

"Basi Alhamisi tunapanda lori pamoja."

Nikafumba macho nikajipima. Nilimwona Heri. Niliona mikono yangu ikikandamiza bila kujua inakandamiza nini. Hasira ilikuwepo, siwezi kudanganya, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kigumu zaidi, na chenyewe hakikutaka kumshinda mtu.

Nikapanda mlimani nyuma ya nyumba kutafuta rezo ya simu. Kwanza niliandikia Bujumbura, kwa heshima, kuwashukuru na kuwaambia wampe mwingine nafasi. Nilipotuma nililia kidogo. Halafu nikaandikia Bukavu: ninakuja.

Mistari miwili. Basi.

Jua lilikuwa bado juu ya milima niliposhuka. Yaya alikuwa amesimama kwenye lupango, ua wetu, upande wa nje, kama mgeni. Nilijitayarisha kwa matusi. Nilikuwa na majibu tele.

"Mukifika bariere yao," alisema, "batakuuliza kama uko na kaka. Utasema nini?"

"Nitasema niko naye."

"Sema alikufa."

"Sisemi ivyo."

"Batauliza yuko wapi, anafanya nini. Sema alikufa, iko mwepesi." Halafu sauti yake ikashuka. "Nakuomba."

Yaya hajawahi kuniomba kitu. Huagiza tu. Nilimwangalia, macho mekundu kwa vumbi na kwa kukosa usingizi, na majibu yangu yote nikayasahau. Hakuwa amekubali niende. Mpaka sasa hajakubali. Alikuwa anatafuta tu namna ya kunipitisha salama.

Nilimwahidi mengi. Nitafuta picha zake zote kwenye simu. Nitaangalia chini wakizungumza nami. Nitakaa kando ya Mama na kuitwa mtoto wa mama wa mchele. Lakini lile moja nilimkatalia, akaondoka kurudi bondeni bila kuniaga.

Wakiniuliza, nitanyamaza. Wakirudia, nitanyamaza tena, hata wakinishusha kwenye lori. Ninaenda kusomea kazi ya kuzuia watu wasife. Sitaianza kwa kumuua yaya kwa mdomo wangu.