Sauti Yangu Kabatini

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mke wa mtu! Naliandika tena kwa sababu nalipenda. Mke wa mtu!

Leo nimefua mashati yake, na kabla ya kuyafua nimeyanusa. Moja moja. Mjinga mimi, lakini nani ananiona?

Mume wangu ni fundi wa sauti. Watu hudhani kazi yake ni kubonyeza vitufe. Hapana! Mtu anaingia studio na sauti ya kukwaruza, anatoka na wimbo. Mimi ni mwitikiaji, yule anayeimba nyuma ya mwenye wimbo, na ndipo tulipojuana. Yeye alikuwa anakata pumzi za waimbaji kwenye rekodi. Siku moja akaniambia: za kwako zinanishinda, kila nikitaka kuzikata mkono unagoma. Jamani! Baada ya hapo ningekataaje posa?

Amerudi mapema. Bosi ameweka programu ya akili bandia kwenye kompyuta. Inaondoa kelele, inasawazisha ngoma na gitaa, kazi ya siku nzima inaisha kabla chai haijapoa. Nikashangilia, maana nitakuwa naye jioni zote. Yeye hakushangilia. Alikula kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mafundi wameipa programu jina: Mtoto wa Bosi. Kwa sababu hagombezwi. Akiharibu wimbo, wanagombezwa wao! Mume wangu ameniigizia Bosi anavyoisogelea kompyuta kwa kunyata, kama anachungulia kichanga kilicholala.

Lakini alikuwa anasugua viganja kwenye suruali. Hufanya hivyo akiwa na hofu. Nikamuuliza, akasema hakuna kitu, laazizi. Huyu mwanaume hajui kudanganya, maskini wangu.

Wiki hii sijaitwa kuitikia. Labda ni mtandao wa simu.

Jumapili, 9 Machi

Si mtandao.

Fundi mwenzake, yule mzee wanayemwita Babu Hedifoni, ameambiwa akapumzike nyumbani. Kiti kimebaki kimoja. Bosi amemwambia mume wangu: kiti ni chako, ila Mtoto anahitaji sauti ya kike ya kujifunzia, nyingi na safi. Si umeoa mwimbaji?

Aliniambia tukiwa jikoni, amenishikia bakuli mimi nakoroga unga. Akasema naweza kukataa. Akalisema mara mbili. Nikamjibu, mume wangu, sauti ni nini? Naitumia kukuita tu! Chukua yote. Akanikumbatia mpaka bakuli likamwagika.

Nimekubali kwa moyo mweupe kabisa. Sasa mbona nimeosha bakuli hilohilo mara tatu?

Jumanne, 11 Machi

Studio yetu ni kabati! Nasimama katikati ya nguo, anasema zinameza mwangwi. Maiki puani. Naimba a, e, i, o, u, juu, chini, kwa upole, kwa majonzi. Nasoma magazeti ya zamani, hata matangazo ya vifo. Yeye yuko nje na hedifoni, ananionyesha dole gumba. Joto! Jasho! Lakini anavyonitazama — ningesimama humo mpaka niote mizizi.

Tumezima feni. Tumezima friji, maana inanguruma. Dirisha tumeliziba kwa godoro. Mama wa mlango wa pili akagonga: nyie maharusi, godoro dirishani mchana kweupe, kuna nini humo? Mume wangu akajibu, tuko kazini, mama. "Naona," akasema, akaenda zake. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 12 Machi

Tulisahau kuwasha friji. Maziwa yamekatika, nyama inanuka, siagi imekuwa supu. Ndiyo raha ya kuolewa na fundi wa sauti!

Bosi amepokea rekodi. Ameridhika. Kiti kipo.

Jumatatu, 17 Machi



Nilikuwa saluni nasukwa. Redioni likaja tangazo la dawa ya kunguni. Mwanamke anaimba, sauti tamu. Kabla ya neno la pili akavuta pumzi — nikaganda. Pumzi yangu! Ni mimi! Lakini mimi na kunguni wapi na wapi? Sijawahi kuyaimba maneno yale. Sijawahi hata kuyasikia.

Msusi akasema, huyu dada anajua, hebu tuliza kichwa. Nikatuliza. Ningemwambia nini? Kwamba ni mimi ila sikuwepo?

Jioni mama mkwe akapiga simu, anapiga kelele kwa furaha. Mwanangu, nimekusikia! Nimewaambia mtaa mzima mkwe wangu anaimba redioni! Nikasema asante, mama. Sikuweza kumkatiza furaha.

Alhamisi, 20 Machi

Dada Besi amenipigia. Ni mwitikiaji mwenzangu, ana sauti nzito, siku zote alisimama nyuma yetu sote asije akatufunika. Hakunisalimia.

"Bibi harusi, kumbe siku hizi unaitikia peke yako?"

Nikasema sielewi. Akasema alikwenda studio kuulizia kazi, akawekewa wimbo asikilize. Sauti ya juu ni mimi. Ya kati, mimi. Ya chini kabisa, mimi! Bosi anamwambia, unaona, dada, siwahitaji tena.

"Ile besi umeitoa wapi, wewe mwenye kifua cha kuku?"

Nikaanza kulia. Kisha akasema polepole, usilie, nitatafuta kazi nyingine tu, na mumeo msalimie. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Nimemuuliza mume wangu kama alijua. Viganja kwenye suruali. Alijua tangu Jumatatu, akaogopa kuniambia. Tumekula bila kutazamana, mara ya kwanza tangu tuoane. Nampenda. Nimeliandika ili nilione. Nampenda, na leo alipokuja kulala nilisogea ukutani.

Jumamosi, 22 Machi

Bosi anataka tena! Anasema sauti ni safi ila haijui kucheka. Mtoto wa Bosi akicheka ni kama bata anakabwa. Wenye matangazo wanataka kicheko. Anakitaka Jumatatu asubuhi, asipokipata ataleta fundi mwenye mke mchangamfu. Hivyo ndivyo alivyosema! Mke mchangamfu!

Mume wangu akasema naweza kukataa. Safari hii alisema mara moja tu.

Nikaingia kabatini, nikacheka ha-ha-ha, hi-hi-hi, kama mwigizaji. Tukamtumia. Bosi akajibu palepale: huo uongo, lete cha kweli.

Cha kweli. Kile ninachocheka mpaka nakosa sauti, nakaa chini sakafuni, napiga paja lake. Hicho amekisikia yeye peke yake duniani. Hata mama yangu hakijui. Nitakisikia saluni kikiuza dawa ya kunguni? Na nikicheka kwangu hapa, nani atakuwa anamwiga mwenzake?

Lakini kiti chake. Kodi ya chumba. Uso wake akitoka asubuhi na begi lake.

Jumapili, 23 Machi

Friji kimya. Feni kimya. Anafunga maiki kwenye mlango wa kabati, mimi niko kitandani na daftari. Amesema sina haja ya kuingia ndani leo, nikae tu, yeye atanichekesha.

Ananiita, laazizi, uko tayari? Nimesema subiri, namalizia sentensi. Sina sentensi. Naandika tu ili mkono uwe na kazi.

Taa nyekundu ya kurekodi imewaka.

Anaigiza siku aliyokuja kwetu kuposa. Mungu wangu, si hiyo! Anaingia kwa adabu, anainama, anajikwaa kwenye zulia ambalo halipo. Anaupa mkono mlango wa kabati: "Shikamoo, baba mkwe." Alimsalimia hivyo mjomba aliyekuja kurekebisha bomba, akidhani ndiye baba yangu! Sasa anamsifu mjomba kwa malezi bora. Mjomba anamwonyesha spana.

Nimeuma shavu kwa ndani. Mbavu zinauma. Sicheki. Nikishindwa sasa hivi kicheko kitakuwa kimekwisha kutoka, hakirudi. Naandika, naandika. Sicheki.

Amepiga goti mbele ya kabati, amekunja uso kama siku ile, mdomo wote unachekesha. Halafu amenigeukia. Macho hayachekeshi. Macho yananiomba, na viganja viko kwenye suruali, vinasugua, na maiki itakuwa inausikia ule mkwaruzo, na mimi —